Mbuzi wa Kuongezea

Jumatatu hiyo Cibalonza alifua shuka alizokuwa amezifua Jumamosi. Shuka zenyewe hazikuwa na kosa. Zilikuwa zimekunjwa vizuri ndani ya kabati, zimetulia, mara zikajikuta tena ndani ya beseni, zinasuguliwa kama kichwa cha mwanafunzi wa bweni aliyekutwa na chawa.

Alipomaliza shuka akafagia ua. Alipomaliza ua akapanga sufuria kwa ukubwa, akaziangalia, hakuridhika, akazipanga upya. Na kila alipotoka kazi moja kwenda nyingine, mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe hadi upande wa kushoto wa blauzi, ukabonyeza mahali fulani, ukashuka haraka kama mwizi aliyemulikwa na tochi.

Kitu kilikuwa bado kiko pale.

Alikuwa amekigundua wiki iliyopita akioga. Kilikuwa ndani ya titi la kushoto, kigumu, ukubwa wa punje ya haragwe, na juu yake ngozi ilikuwa imeingia ndani kidogo. Hakikuuma hata kidogo. Mama muuguzi wa kituo cha afya alikigusa taratibu, akauliza maswali yake, kisha akasema, "Vitu kama hivi, vingi havinaka mubaya, mutoto yangu. Lakini vidole vyangu haviko na macho. Utaenda ku hospitali, ku échographie, ile mashini yenye kuona mu ndani. Muganga wake anakuyaka jeudi."

Basi Cibalonza akaanza kungoja Alhamisi. Vitabu vya jiografia tulivyosomeshwa havitaji umbali kutoka Jumatatu hadi Alhamisi. Ni kasoro kubwa ya vitabu hivyo. Wiki hiyo, kwa mtu aliyekuwa anaishi mtaa wa Cimpunda na haragwe moja lisilojulikana kifuani, umbali huo ulikuwa mrefu kuliko kwenda Kisangani kwa miguu.

Hakumwambia mtu. Si baba yake, Papa Polycarpe, mwalimu mstaafu aliyekuwa akijiandaa kwa fahari kumpokea mkwe Jumamosi. Na zaidi ya wote, si Hugues, aliyekuwa analeta mahari Jumamosi hiyo hiyo.

Sababu ya ukimya ilikuwa na jina, nalo ni Maman Marcelline, mama yake Hugues. Maman Marcelline aliuza vitenge katika soko la Kadutu, na alimtazama binadamu kama préfet de discipline wa bweni anavyotazama kitanda kilichotandikwa vibaya asubuhi ya ukaguzi. Siku ya kwanza Cibalonza alipopelekwa kujulishwa kwao, mama huyo alimimina chai, akakaa, akatangaza mbele ya wajomba wote:

"Mie kitenge sinunuake kimefungwa. Ninafungua, ninaangalia pande zote, njo ninalipa. Na bibi ya mutoto yangu itakuwa vile vile."

Wajomba walicheka. Cibalonza naye alicheka, maana hakuwa na kitu cha kuficha. Sasa alikuwa nacho.

Ndiyo maana Jumapili jioni alimtumia Hugues ujumbe mfupi: "Tusogeze dot kidogo. Usiniulize juu ya nini. Samahani."

Msomaji mwenye moyo laini anadhani Hugues aliusoma ujumbe huo akajiuliza: mpenzi wangu ana huzuni gani? Msomaji huyo hajawahi kuoa Bukavu. Kwetu, upande wa msichana ukisema tusogeze siku ya mahari kidogo, hakuna anayefikiria huzuni. Watu wanafikiria mbuzi. Hugues alimwonyesha ujumbe mjomba wake Jean-Marie, mtaalamu wa mahari wa ukoo mzima, naye Tonton Jean-Marie akavaa miwani, akasoma mara moja, akaivua.

"Iko wazi," alisema. "Papa Polycarpe ameona mbuzi ni kidogo, anasikia haya ya kusema, anapitisha ku mutoto. Peleka moja ya kuongezea kesho. Ukichelewa, ataomba ngombe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumatatu saa za mchana, Cibalonza akiwa anaanika shuka zisizo na hatia, alisikia kelele kutoka chini ya ngazi za mtaa. Aliangalia. Hugues alikuwa anapanda kilima cha Cimpunda na shati jeupe la kwendea misa, viatu vimeng'arishwa, mkononi ana kamba, na mwisho wa kamba kuna mbuzi dume aliyekuwa hataki ndoa hiyo kabisa.

"Beau-frère, shemeji!" mama mmoja muuza makaa alimpigia kelele. "Huyo njo mariée? Ana ndevu!"

"Mwache, ni muzuri kuliko bibi-arusi wa mwaka jana!" mwingine akadakia.

Hugues alijibu salamu zote, maana alikuwa na adabu. Mbuzi alikaa chini. Hugues alimsihi. Mbuzi alisimama, akapanda ngazi, akakaa tena. Jasho lilikuwa linachora ramani mgongoni mwa shati lile, na Cibalonza, akiwa amejificha nyuma ya shuka, alihisi moyo wake unapanuka na kubanwa kwa wakati mmoja. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda na ramani yake. Mkono wake ulipanda tena hadi kwenye blauzi, akaushusha kwa nguvu.

Papa Polycarpe alitoka nje, akasimama mlangoni kama aliyekuwa anapita tu.

"Bonjour, Papa," Hugues alisema, akihema.

"Bonjour, Hugues. Hii ni nini?"

"Ni… ni ya kusalimia, Papa."

"Ah." Mzee alimtazama mbuzi kwa muda. "Salamu ya pembe. Samedi ya dot haiyafika, lakini."

"Ndiyo, Papa. Tumefikiri… kama Papa aliona kuko kitu yenye kupunguka…"

"Kupunguka? Nani amesema kupunguka?"

Hugues alimgeukia Cibalonza. Macho yao yalikutana juu ya kamba ya nguo. Yake yalikuwa yanauliza. Ya Cibalonza yalikuwa yanaomba: nyamaza, kwa jina la Mungu, nyamaza.

"Papa," Cibalonza alisema upesi, "ile mbuzi imetembea sana, iko na njaa. Tunaenda kuikulisha pale chini."

"Wote wawili? Mbuzi moja?"

"Iko na kichwa ngumu, Papa."

Papa Polycarpe alifikiri. Alikuwa amesomesha wavulana maisha yake yote, alijua mbinu zao zote. "Muende," alisema mwishowe. "Lakini pahali macho yangu inafika."

*

Pahali macho yake yalipofika palikuwa mteremko mdogo chini ya nyumba za mwisho, penye majani na migomba michache. Kutoka hapo ziwa lilionekana lote, kijivu, na mvua ilikuwa inatembea juu yake kutoka upande wa kisiwa cha Idjwi. Papa Polycarpe aliweka kiti chake ukingoni juu, akafungua gazeti la zamani, akakaa kwa namna ya mtu anayesoma. Aliweza kuwaona. Kusikia, hapana.

Mbuzi alianza kula. Cibalonza hakukaa. Alisimama, akahamia upande mwingine, akang'oa jani, akalichana, akang'oa jingine. Alihakikisha mbuzi yuko katikati yao.

"Cibalonza."

"Mmh."

"Baba yako hajui kitu."

"Hajui."

"Basi si yeye mwenye kuomba kusogeza."

"Si yeye."

Hugues alikuwa fundi wa kufunga umeme wa sola juu ya paa za watu. Alizoea kusimama pembeni ya mabati bila kutetemeka. Sasa, miguu iko juu ya udongo, alishika kamba ya mbuzi kama mtu aliyeteleza juu ya paa.

"Ni nani?" aliuliza.

"Nani nini?"

"Ule mwanaume."

"Hugues! Mwanaume gani?"

"Sijui, njo ninauliza! Jana nyuma ya misa nimekukumbatia, umenipatia bega kama mutu anasukuma mulango. Nikikupigia simu unasema uko unafua. Mercredi ulikuwa unafua. Vendredi, unafua. Mutaa muzima hauko na nguo za kutosha kwa ile kufua! Nikaona, basi, ni mbuzi. Tonton Jean-Marie amesema ni mbuzi. Nikasema asante Mungu kama ni mbuzi tu! Nimepita ku soko, nimechagua, nimepanda nayo huku juu, watu wananicheka, na sasa unaniambia si mbuzi."

"Si mbuzi," Cibalonza alisema, na akacheka.

Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa, kisicho na heshima, kicheko cha kwanza tangu siku ile bafuni. Alicheka mpaka akashika tumbo. Huko juu gazeti lilishuka kidogo. Hugues naye alianza kutabasamu, kwa sababu mtu anayependa hutabasamu hata akiwa hajui anachochekea, kisha tabasamu likamwishia usoni. Mabega ya Cibalonza yalikuwa bado yanatikisika, lakini hakuwa anacheka tena.

"Kuko kitu mu titi yangu," alisema.

Hugues aliizungusha kamba mkononi mara mbili.

"Ya kushoto. Kigumu. Nilikikuta nikioga. Muuguzi ameona, amesema niende échographie jeudi. Mbele ya ile hakuna mwenye kujua ni nini. Pengine ni kitu bure. Pengine si kitu bure. Njo nimekupatia bega, Hugues, juu nilifikiri utakisikia. Nilifikiri kitakupiga pale, kama kokoto."

Mbuzi alivuta kamba. Hakuna aliyemjali.

"Inauma?"

"Hapana. Na ile haiuma inanikosesha usingizi kuliko ingeuma."

"Na weye ulikuwa unataka nijue lini?"

"Sikuwa ninataka ujue." Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Nilitaka kukupatia mulango ya kutokea. Sikia, sijamaliza. Dot haiyakuwa. Leo ukienda, hakuna haya kwako, hakuna haya kwetu. Utasema Cibalonza alikuwa kichwa ngumu. Watu watakuamini, wananijua. Lakini samedi ikipita, tayari, uko mu kamba. Na mama yako alisema mbele ya watu: ninafungua, ninaangalia pande zote. Anifungue mie leo, atakuta nini?"

"Acha mama kwanza."

"Siwezi kumuacha, ni mama yako!"

"Nimesema acha mama!" Hugues alipaza sauti, na gazeti likashuka kabisa. Akaishusha sauti. "Unaniona mie ni mutu ya kutokea mu mulango? Umefikiri vile wiki muzima? Unafua mashuka na unafikiri vile?"

"Nilifikiri mingi."

"Cibalonza, mie ata wakikata, ata ikibaki moja, mie ninaku…"

"Usiseme!" Alimrushia jani. Halikufika. "Hawajaangalia ata, weye umeshakata! Umeshanizika, umevaa na koti ya matanga!"

Hapa ni lazima tumtetee kijana. Hakuna shule Bukavu, ya mapadri wala ya serikali, inayofundisha la kusema mahali kama hapo. Hugues alitazama ziwa kana kwamba lingempa jibu, nalo likaendelea kupokea mvua yake.

"Samahani," alisema. "Nimesema kipumbavu. Nimeogopa."

"Mie pia ninaogopa."

"Ninaona." Alimtazama, safari hii bila kuuliza kitu, macho yakatulia juu yake kwa muda mrefu kiasi kwamba Cibalonza alisahau kuhama. "Hukaake chini. Tangu tumefika uko unazunguka."

"Nikikaa, mukono inaenda pale. Inaenda yenyewe. Ninabonyeza, ninaona kama imekomaa, kisha ninaona kama ni mie nimeikomaza na kubonyeza. Asubui, mangaribi. Ata mu misa, Hugues. Ata padri akiinua hostia."

Hugues alifikiri. Kisha akazunguka mbuzi, akaja upande wa kulia wa Cibalonza, si wa kushoto, akachukua ule mkono uliokuwa hautulii, akaufungua vidole kimoja kimoja, na ndani yake akaweka kamba.

"Shika huyu," alisema. "Ni mwizi, ukimuacha anakula migomba ya watu. Mukono ikuwe na kazi."

Halafu akafunika mkono huo kwa wake, kamba ikiwa ndani.

Walisimama hivyo. Mbuzi alivuta, wakavutwa pamoja hatua moja. Alivuta tena, wakaenda tena. Kidole gumba cha Hugues, kigumu kwa kukaza nyaya, kilikuwa kinapita polepole juu ya vifundo vya mkono wake, na joto lake lilipanda hadi kwenye kiwiko, hadi begani. Cibalonza akafumba macho. Kwa mara ya kwanza katika wiki nzima, mwili wake ulikuwa mahali pa kitu kingine zaidi ya hofu.

Kule juu Papa Polycarpe alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwalimu, cha kusikika hadi benchi la nyuma.

Mkono wa Hugues haukutoka.

Ndipo simu ya Hugues ilipolia. Aliitoa mfukoni kwa mkono mwingine, akaangalia, akakunja uso. "Ni mama."

"Usimwambie."

"Sitamwambia." Akaipokea. Hakuhitaji kuongeza sauti: Maman Marcelline alikuwa amezoea kuzungumza juu ya kelele za soko.

"Halo! Walipokea? Walisema nini?"

"Walipokea, Maman. Lakini… sikia. Ni mie. Ni mie ninataka tusogeze dot."

"Weye?"

"Ndiyo. Kazi ni mingi. Sijajiandaa."

"Hugues. Mutu akiwa hajajiandaa, anabeba mbuzi anapanda nayo Cimpunda mu soleil kali hivi? Mutoto, unanidanganya. Kuna mwanamuke mwingine? Utaniambia leo! Nimeshalipa viti, nimeshalipa kasiksi ya wageni kukunywa, na yule binti wa watu umemwambia nini? Analia? Ninamsikia analia!"

Hugues alikuwa mwongo mbaya kuliko wote mkoani. Alisimama pale na shati lake la misa, anatukanwa kwa kosa ambalo si lake, na alikuwa tayari kutukanwa mpaka jioni. Cibalonza alimtazama. Angeweza kumwacha. Ingekuwa rahisi: Hugues angebeba lawama, yeye angebaki na siri, na Alhamisi ingefika. Na kisha? Angekuja kuolewa katika nyumba ile akiwa na kitu kilichokunjwa, akingoja siku ya kufunguliwa.

Alinyoosha mkono wake ulio huru.

"Nipatie."

"Cibalonza, hapana…"

"Nipatie simu, Hugues."

Aliiweka sikioni.

"Maman, ni Cibalonza. Hugues anadanganya, msimtukane. Hakuna mwanamuke. Ni mie nimeomba kusogeza. Kuko kitu kigumu mu titi yangu ya kushoto. Ninangojea waniangalie. Sitaki muje kutoa dot na hamujui. Njo ile tu."

Upande wa pili soko la Kadutu lilisikika lote: msumari unapigwa, redio, mtu anatangaza samaki wa sambaza. Mteja mmoja aliuliza bei ya kitenge cha maua. Aliuliza mara ya pili. Hakujibiwa, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye meza ile tangu iwekwe.

"Rendez-vous iko siku gani?" Maman Marcelline aliuliza.

"Jeudi, Maman."

"Asubui?"

"Asubui."

"Usivae robe, nguo ya kipande kimoja." Sauti yake ilikuwa imeshuka, Cibalonza hakuwahi kuisikia hivyo. "Utavaa jupe na blouse ya kufungua mbele. Mie nilivaa robe ya vifungo mu mugongo. Vidole vilikuwa vinatetemeka, sikufikia kimoja. Nilisimama nyuma ya rideau ya kitambaa pale, ninapigana na robe, muganga anangojea, ninasikia haya, ninalia. Usivae robe."

Cibalonza alimtazama Hugues. Hugues alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Maman… wee pia?"

"Hugues alikuwa bado mu internat ya shule. Baba yake nilimwambia ninapanda Goma kutafuta vitenge. Hakujua mpaka Mungu alimuchukua. Nilienda peke yangu, nikarudi peke yangu, kesho yake nikafungua meza. Yangu ilikuwa maji. Walivuta na sindano, ikakwisha. Ya kwako sijui itakuwa nini, sitakudanganya. Pengine vile, pengine hapana. Lakini ile kungojea ninaijua. Unakula?"

"Kidogo."

"Ukule. Dot, muniachie, nitaongea na Jean-Marie. Hawezi kukufa juu ya viti. Jeudi nitafunga meza. Ndani tunaingia mie na weye."

"Maman, na mie?" Hugues aliinama karibu na simu. "Mie ninaingia wapi?"

"Weye mwanaume utaingia wapi mule? Utabaki inje ku benchi, unashika sacoche, mukoba yangu. Na usifungue."

Simu ikakatika. Mvua ya Idjwi ilikuwa imefika. Matone ya kwanza, makubwa, yalipiga majani ya migomba. Papa Polycarpe alikuwa amesimama anawaita, gazeti limefunika kichwa. Hugues alipangusa macho kwa mkono wa shati la misa, akageuza uso asionekane, akamgeukia tena.

"Amesema nini?" aliuliza, ingawa alikuwa amesikia kila neno, yeye na mbuzi.

"Amesema utabaki ku benchi," Cibalonza akamjibu, na akamgeukia, akaegemeza kichwa chake begani mwake, upande wake wa kushoto aliokuwa akiuficha ukimgusa, bila kujizuia. "Unashika sacoche."